Mtoto Akikatika Katikati ya Aya, Tusikimbilie Bakora



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wapenzi. Kila mwaka walimu wa chuo hupewa ukurasa katika jarida hili ili waseme lililo moyoni. Tumeshaandika juu ya wanaochelewa darasa la alasiri, juu ya mavazi, na juu ya wale wanaoaga nyumbani kuwa wanakuja chuoni kumbe wako uwanjani. Yote hayo yalikuwa makosa ya watoto. Mwaka huu tumekubaliana tuandike kosa la walimu, nalo ni letu sisi wenyewe, tulilifanya katika chumba hiki hiki tunachosomeshea.

Tulikuwa na mwanafunzi wa miaka 8, mpole, mtoto wa watu wema. Jina lake hatulitaji, ingawa wazazi wake wametupa idhini ya kusimulia habari yake. Alianza vizuri sura fupi fupi, kisha alipofika kwenye sura ndefu za Juzuu Amma akaanza kutushangaza. Anasoma, sauti inatoka safi, ghafla anakatika. Wala hakatiki mwisho wa aya kama mtoto aliyesahau. Anakatika katikati ya neno, mdomo umebaki wazi, macho yameganda ukutani, kope zinachezacheza. Ukihesabu moja mpaka kumi, anarudi. Mara nyingine anaendelea na neno lile lile, mara nyingine anaruka aya nzima, naye mwenyewe anatutazama kwa mshangao kwa nini sote tumenyamaza.

Wenziwe wakampa jina, wakamwita Redio Betri, kwa vile redio ikiishiwa betri hukatikakatika hivyo hivyo. Sisi hatukumwita jina. Sisi tulimpiga.

Tulidhani hakudurusu. Baadaye tukadhani anatufanyia kiburi, maana ukimwita wakati amekatika haitikii. Siku moja mwalimu alimpiga fimbo akiwa katika hali ile, fimbo ya kwanza hakushtuka hata kidogo. Ya pili ndiyo akalia, akauliza, "Maalim, nimefanya nini?" Tukaona huo ndio ujeuri uliokamilika: mtoto anapigwa na anajifanya hajui kosa lake. Tuliendelea hivyo kwa muda wa miezi saba. Tunaiandika idadi hii kwa sababu tumeihesabu katika daftari la mahudhurio, hatutaki kuipunguza.

Nyumbani nako walikuwa na kitendawili chao. Mama alikuwa anaona kikombe cha chai kinamponyoka mkononi. Akitumwa dukani anarudi hakumbuki alichoagizwa. Bibi yake akasema mtoto ana mtu, wakampeleka kwa mganga, akavishwa hirizi na kunyweshwa kombe. Hali ikabaki ile ile.

Aliyetufumbua macho ni mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni muuguzi. Alikuja kututembelea siku za mazoezi ya Maulidi, akakaa nyuma kwenye mkeka akisikiliza watoto. Zamu ya kijana wetu ilipofika, alisoma akakatika, akasoma akakatika. Yule dada hakusema neno, alikuwa akihesabu kwa vidole. Baadaye akatwambia: "Walimu wangu, amekatika mara nne katika sura moja. Huyu si mvivu, huyu anaumwa. Mwambieni mama yake tuonane."

Hospitali, daktari hakuanza na mashine. Alimpa mtoto kipande cha karatasi, akamwambia avute pumzi kwa nguvu na kuipuliza karatasi hiyo bila kupumzika, kama dakika tatu. Hazikutimia. Mtoto aliganda mbele ya macho ya mama yake na karatasi mkononi, akarudi, akaendelea kupuliza kana kwamba hakuna kilichopita. Ndipo akapelekwa kwenye kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo, vile vifundo vya waya vinavyobandikwa kichwani, ambavyo haviumi wala havipitishi umeme kwa mtoto. Vinausikiliza ule alionao mwenyewe. Jibu likatoka: kifafa.

Sasa hapa ndipo penye tatizo. Sisi tukisikia neno kifafa tunamwona mtu ameanguka, anatapatapa, povu linamtoka. Mtoto huyu hakuanguka hata siku moja. Tulielezwa kuwa kifafa kina aina nyingi, na aina hii humpata zaidi mtoto wa miaka minne mpaka kumi. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita kwenye mishipa yake kwa mpangilio. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu, kwa sekunde chache, sehemu kubwa ya ubongo hupiga wimbi moja kwa pamoja, mara tatu hivi kwa kila sekunde. Wakati huo hasikii, haoni kwa maana ya kutambua, wala haweki kumbukumbu. Kisha wimbi linakoma na yeye anaendelea pale alipofika. Madaktari wa Ufaransa wa karne ya 19 waliipa hali hii jina lenye maana ya kutokuwepo, na kwa kweli ndivyo ilivyo: mtoto yupo mbele yako na hayupo. Mchoro wa lile wimbi ulielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1935, miaka michache tu baada ya Mjerumani Hans Berger kuchapisha, mwaka 1929, habari ya kupima umeme wa ubongo wa binadamu. Basi si jambo jipya. Jipya ni sisi kulijua.

Na mzigo wake tuupime vizuri. Sekunde kumi si kitu, atasema mtu. Lakini mtoto wa aina hii anaweza kukatika mara nyingi sana kwa siku, hata makumi ya mara. Mwalimu anaeleza hesabu ya kugawanya, katikati mtoto hayupo. Mama anamwambia, "Usivuke mpaka gari ipite," yeye kasikia "vuka" peke yake. Kwa kila mara anapoteza kipande cha siku yake asichoweza kukidai, maana hajui kwamba amekipoteza. Mtu aliyelala hujua kuwa alilala. Huyu hajui. Anachokijua ni kwamba watu wanamcheka, fimbo zinamshukia, na yeye hajui sababu. Tulipomuuliza baadaye alikuwa akifikiri nini zile siku, alitujibu kuwa alidhani watoto wote huwa hivyo, ila yeye ndiye asiyejua kuficha.

Ndugu wasomaji, hoja yetu katika makala haya ni moja, na tunawaelekezea kwanza walimu wenzetu wa vyuo. Hakuna mwalimu aliye mahali pazuri pa kuugundua ugonjwa huu kuliko mwalimu wa Qur'ani. Skuli mtoto anakaa na wenziwe hamsini au zaidi, akiganda sekunde kumi akitazama dirishani hakuna anayejua. Mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba hazingatii masomo. Lakini chuoni mtoto anakaa mbele yako, anasoma kwa sauti, na wewe unafuata kila herufi. Usomaji ni kama uzi ulionyooka. Ukikatika unauona ulipokatikia. Unajua kama mtoto amekwama kwa kusahau, maana aliyesahau hurudi nyuma, hukariri neno la mwisho, hukutazama usoni akiomba umsaidie, hupapasa. Aliyekatika kwa maradhi hafanyi lolote kati ya hayo. Tofauti hiyo tulikuwa nayo masikioni mwetu kwa miezi saba, na mkono ulikuwa na haraka kuliko sikio.

Zipo alama nyingine tulizofundishwa, na tunazitoa kama tulivyozipokea. Mtoto anayeota mchana huota anapochoshwa; ukimgusa bega au ukimwita kwa jina, anazinduka. Mwenye ugonjwa hukatika hata akiwa katika jambo alipendalo, anakula, anacheza, anazungumza, na ukimgusa hazinduki mpaka zile sekunde ziishe. Huanza ghafla na huisha ghafla. Wala mwalimu asijifanye daktari akaanza kuwapulizisha watoto karatasi ili awapime, hilo ni la hospitali. Kazi yetu ni kuandika: siku gani, saa ngapi, alikuwa anafanya nini, ilichukua muda gani. Karatasi hiyo mzazi akienda nayo kwa daktari ina thamani kubwa, kwani daktari anaweza kukaa na mtoto robo saa na asione kitu. Mwenye simu yenye kamera na aiombe ruhusa ya mzazi arekodi mara moja tu, kwa ajili ya daktari, si kwa kuwatumia watu.

Kwa nini kuandika kuna maana? Kwa sababu dawa zinatofautiana. Hapa kwetu dawa ya kifafa inayojulikana na wengi ni finobabitoni, ya bei nafuu, nayo imewasaidia watu wengi wanaoanguka. Kwa aina hii ya kukatika haifai sana. Dawa nyingine maarufu, kabamazepini, inaweza hata kuyazidisha. Zipo zinazoifaa, na daktari ndiye anayechagua. Mojawapo, valproeti, ina hatari kwa mtoto aliye tumboni, hivyo mzazi wa binti azungumze na daktari mapema wala asingoje. Kwa hiyo yule jirani mwema anayekuja na vidonge vilivyobaki vya marehemu babu yake, mumshukuru na mumrudishie.

Kijana wetu alianza dawa, na baada ya majuma machache kukatika kulipungua, kisha kukakoma. Tuliambiwa pia kuwa watoto wengi wa aina hii huachana na ugonjwa wanapofikia utu uzima, na kwamba dawa haiachwi mtoto anapoonekana mzima, bali daktari huipunguza taratibu, mara nyingi baada ya miaka kama miwili bila kukatika. Kuiacha ghafla ni kumtafutia mtoto balaa.

Sasa tuje kwenye suala ambalo tunajua limeshamjia msomaji: na jini je?

Hatuandiki kukanusha majini. Wapo, na Kitabu kimewataja. Tunachouliza ni nani aliyetupa ruhusa ya kulibandika kila tusilolijua kwa majini? Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke mweusi aliyemjia Mtume (S.A.W.) akalalamika kuwa anapatwa na kifafa na nguo zinamfunuka. Akapewa hiari, asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke, naye Mtume akamuombea. Tazameni adabu iliyomo humo. Hakufukuzwa, hakuitwa mchafu, hakuambiwa amerogwa. Alisikilizwa, na lile lililomuumiza zaidi, yaani aibu mbele ya watu, ndilo lililotazamwa. Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akimwonesha mwanafunzi wake Ataa kuwa yule ni mwanamke wa Peponi. Sisi mtoto wetu tulimwonesha kwa wenziwe kuwa ni mfano wa uvivu.

Na wanavyuoni wetu hawakuwa wavivu wa kutafuta sababu. Imam Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika Zaadul Ma'aad amekigawa kifafa mafungu mawili: kimoja cha pepo wabaya, na kingine kinachotokana na maradhi ya mwili ambacho ndicho matabibu huzungumzia sababu zake na tiba yake. Kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikiandikia katika Qanun yake kama maradhi yanayotoka ubongoni. Basi mwenye kudai kuwa kumpeleka mtoto hospitali ni kukosa imani, na atwambie Ibnul Qayyim alikosa imani gani. Na tunajua sote agizo la Mtume (S.A.W.) la kujitibu, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa.

Msomeeni mtoto, hilo hatulizuii, na sisi wenyewe tunamsomea. Lakini asomewe huku anakunywa dawa yake kwa saa zake. Tunachokipinga waziwazi ni kufukizwa moshi mpaka mtoto akakosa pumzi, kupigwa ili jini atoke, kufungwa kamba, na kuachishwa dawa kwa siku saba ili dawa ya mganga ifanye kazi. Tumewahi kumzika mtoto wa mtaa wetu, si wa chuo chetu, aliyeachishwa dawa hivyo. Alipatwa na kifafa akiwa peke yake kisimani. Hatusemi zaidi, wazazi wake wanasoma jarida hili.

Tuwatazame na wengine kidogo, kwa kuwa kupotelewa na muda hakuko kwa watoto wadogo tu. Ipo aina nyingine ya kifafa ambayo mtu haanguki: anabadilika uso, anatafunatafuna bila kitu mdomoni, anachezea vifungo vya shati, pengine anainuka na kutembea, kwa dakika moja au mbili. Akirejea anakuwa kama aliyetoka usingizini, hajui alifikaje mlangoni. Hii humpata mkubwa na mdogo, nayo watu wanaitia upesi katika habari za kupandisha shetani. Aina kama hizi pengine hutokana na kovu katika ubongo: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyeumwa malaria kali iliyopanda kichwani, aliyepata homa ya uti wa mgongo, au aliyeumia kichwa kwa pikipiki. Na hapa tunawakumbusha wazazi juu ya degedege. Mtoto mwenye homa akishikwa na degedege apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Zile habari za ndege wa usiku na kwamba sindano itamuua zimetupotezea watoto wengi, na baadhi ya waliobaki wamebaki na kifafa.

Huko Mahenge, ndani ya Tanzania, daktari mwanamke aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa wametengwa na watu wao kwa kuogopwa kuambukiza. Miongoni mwa aliyoyaona ni watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia. Mtu angesema mtoto ana usingizi, kumbe ni ugonjwa wa ubongo. Miaka ya baadaye hali hiyo hiyo ilionekana kwa watoto wengi wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na utafiti umeihusisha na minyoo ya usubi, wadudu wa kando ya mito wanaoleta pia upofu. Ndiyo maana dawa ya usubi ikigawiwa vijijini, wenye jamaa huko wawahimize waimeze. Kifafa chenyewe hakiambukizi. Povu la mgonjwa halina sumu wala maradhi. Aliyeanguka alazwe ubavu, asogezwe mbali na moto na maji, asitiwe kijiko mdomoni wala asishikwe kwa nguvu. Ikipita dakika tano hajatulia, ni hospitali.

Kwa watu wazima ziko sababu nyingine nyingi. Babu mwenye sukari anayetumia sindano au vidonge akichelewa kula huweza kuchanganyikiwa, akazungumza ovyo, na baadaye asikumbuke kitu. Huyo ni sukari imeshuka, apewe kitu kitamu kama anaweza kumeza, na apelekwe. Mzee anayesahau polepole mwaka hadi mwaka ana jambo lake jingine. Mzee aliyepotelewa ghafla, ulimi ukawa mzito au mkono ukalegea, asingojwe mpaka kesho. Wapo pia vijana wanaopotelewa na siku nzima kwa vidonge na gundi, nao tutawaandikia siku yao. Na wapo, tena tunalisema kwa huzuni, watoto ambao hukatika kwa sababu ya jambo zito waliloliona au walilofanyiwa. Akili yao hujiondoa ili isilikumbuke. Kwa mtoto kama huyo fimbo ni kumrudisha kule kule alikokimbia.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Linasema pia kuwa hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Tuliposoma hesabu hizi tulimfikiria mmoja tu.

Wako walimu waliotuuliza, na tunawaheshimu: bila bakora chuo kitasimama vipi? Mzee mmoja alitwambia kuwa yeye alipigwa na akahifadhi. Tukamjibu kuwa tuliosoma naye na wakapigwa wakaacha chuo hawakuwepo hapo kujieleza. Lakini tuache mjadala huo mrefu, kila chuo kina mwenendo wake. Hapa tunasema juu ya dogo zaidi. Kabla mkono haujainuka, mwalimu amwite mtoto kwa jina, amguse bega, ahesabu mpaka kumi. Mtoto wa miaka 8 hata kalamu haijaanza kumwandikia. Kalamu ilikuwa ikituandikia sisi.

Nanyi wanafunzi wetu wapenzi, haya yanawahusu sana. Nyinyi mnakaa na mwenzenu muda mrefu kuliko sisi, mnacheza naye, mnaogelea naye. Mkimwona mwenzenu anaganda, msimcheke na msimpe jina. Njooni mtwambie, wala huko si kuchongea. Mwenye ugonjwa huu asiogelee baharini peke yake, asipande minazi wala miembe, na asipike peke yake kwenye moto wa wazi mpaka daktari aseme ametulia. Mengine yote afanye. Asome, acheze mpira, ahifadhi, na mashindano ya kusoma Qur'ani aingie kama wenziwe. Na wewe mwenye kuhisi kuwa siku yako ina matundu, kwamba watu hukuambia ulisema au ulifanya jambo usilolikumbuka, usifiche kwa kuona haya. Mwambie mama, au mwalimu unayemuamini.

Yapo na masuala ya ibada ambayo wazazi wametuuliza. Kuzimia kunatengua udhu, hilo wanavyuoni wamekubaliana. Ama kukatika kwa sekunde chache kwa aliyekwisha baleghe, mgonjwa amuulize shehe wake akimweleza hali ilivyo, na asijitie wasiwasi wa kurudia sala moja mara tano. Kuhusu Ramadhani, mgonjwa aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Dawa zinazonywewa mara mbili kwa siku pengine zinaweza kupangwa daku na futari, nyingine haziwezi. Kukosa usingizi nako kunachokoza kifafa, na sisi Ramadhani tunakesha. Ambaye daktari amemkataza, sheria imeshampa ruhusa mgonjwa, naye asione haya kula.

Tulikwenda nyumbani kwa kijana wetu, walimu watatu, baada ya sala ya Isha. Tuliwaomba radhi wazazi wake. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema na yeye alimpiga, basi tuombane radhi sote. Mama alitaka kujua jambo moja tu, kama zile sura alizozisoma kwa kurukaruka itabidi azirudie. Tukamwambia ndiyo, atazirudia pamoja nasi taratibu, na kwamba mtoto tumeshamuomba radhi mbele ya darasa lake. Amerudi kwenye sura zile, na mpaka tunaandika haya amemaliza Juzuu Amma na ameanza Tabaaraka. Jina la Redio Betri bado wanamwita baadhi yao uwanjani, tunalifanyia kazi.

Katika kila darasa sasa kuna daftari dogo lililofungwa kamba mezani. Mzazi mwenye mtoto anayetumia dawa yoyote ya kila siku tunamuomba afike kwa mwalimu wa darasa kabla ya muhula kuanza, atuandikie jina la dawa na saa zake, na nambari ya simu ya mtu wa karibu. Habari hizo hazisomwi mbele ya watoto.

Wabillahi taufiq.

Walimu wenu wa madrasa